Salamu Kabla ya Jina

Mwaka jana jirani yangu hapa mtaa wa Wabera, Isiolo, alimwoza binti yake, nami nikaitwa kusaidia kupakua. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini tumeishi ukuta kwa ukuta na mama huyo miaka mingi, na sherehe zake nazijua kama zangu. Walikuwa wamefunga hema kubwa uani na kulikata katikati kwa pazia la kijani, wanaume upande ule, wanawake upande huu. Nilipewa kiti karibu na pazia, kando ya sufuria za pilau, niwe nikipitisha sahani chini yake. Mikono ilitokea, ikachukua, ikarudi. Sikuona uso wa mtu. Ndipo sauti moja ikasema kutoka upande wa pili, "Salaam aleikum," ikanyamaza. Haikusema inataka nini. Ilingoja ijibiwe, na katika kungoja kule ikakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu anayesafisha njia ya maneno. Mwiko ulinitoka mkononi ukaangukia ndani ya pilau. Mama mmoja aliitikia salamu, na sauti ikaendelea, "Huko ndani, tunaomba chumvi." Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mwenye nayo sikuwahi kumwona kwa macho hata siku moja.

Sikuwa mtu wa kuongea. Wakati ule, miaka michache baada ya darasa la saba, nilikuwa msichana wa kusimama nyuma ya mlango wageni wakija, na hata dukani nilionyesha kitu kwa kidole ili nisikitaje. Haji, mwenye yadi ya malori, alinichukua kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kwenye redio koli, ile ya kuitana na watu wake wa mbali, na yule wa kwanza alikuwa amefukuzwa kwa kuropoka. "Nataka mtu ambaye nikimwambia jambo, linafia hapo," alimwambia nyanya yangu, aliyekuwa akimuuzia kuni. Nyanya akacheka. "Basi huyu wangu, hata ukimwambia jua limetoka hatasema." Ndivyo nilivyopata kazi ya kuongea kwa ajili ya kunyamaza.

Chumba cha redio kilikuwa cha mabati, nyuma ya yadi, kati ya mapipa ya dizeli na banda la ngozi. Asubuhi kilikuwa na baridi hata nikavaa sweta yangu ya shule, na saa sita mabati yalilia kwa joto. Redio ilikaa juu ya meza ya mbao, sanduku la chuma lenye taa ndogo ya kijani, na chini yake betri ya lori iliyotoa harufu ya asidi ambayo nikifumba macho naipata mpaka leo. Waya ulipitia dirishani ukapanda kwenye bomba refu lililosimikwa nje. Tulikuwa na stesheni mbili huko mbali, Garba Tulla na Merti, ambako Haji aliweka watu wa kumnunulia mbuzi na kuwapakia. Saa nne Kobia, mkubwa wa wapakiaji, Mmeru mwenye mabega mapana na sauti isiyojua siri, alileta birika la chai na anjera, chapati laini zenye matundu, zilizofungwa kwenye gazeti, akala zake amesimama mlangoni. "Esta, leo umesema maneno mangapi? Niambie nikusaidie mengine, usichoke." Nilicheka ndani ya kikombe, nisimjibu. Lakini nilipovaa hedifoni na kubonyeza kitufe, mambo yalikuwa mengine. Hapakuwa na macho ya mtu. Sauti yangu ilitoka ikaenda peke yake, mimi nikabaki nimejificha. Nadhani ni mahali pekee duniani palipowahi kunifaa hivyo, na nilipajua kuwa pangu tangu wiki ya kwanza.

Shida ya redio koli ni kwamba kila mwenye redio anasikia. Mjini kulikuwa na mfanyabiashara mwingine wa mbuzi mwenye redio kama yetu. Siku moja mtu aliita akijifanya yuko Merti, akauliza lori linatoka lini, akaambiwa, na lori letu lilipofika huko likakuta mbuzi wazuri wote wameshanunuliwa. Huko ndiko kuropoka kulikomfukuzisha yule wa kwanza. Baada ya hapo Haji alimleta mpwa wake, Yusuf, aliyesomea mambo ya ofisi Nairobi. Sisi tulimwita Meneja. Meneja alikuja na utaratibu. Kila stesheni ilipewa neno lake la siri, jina la mnyama, la kubadilishwa kila wiki na kupelekwa na dereva mdomoni. Stesheni ikiita, mimi nauliza jina. Wao wanabonyeza, wanataja jina la stesheni, wanasema "ova" kuonyesha wamemaliza, wanaachia. Nauliza neno. Wanabonyeza, wanataja neno, wanaachia. Yakilingana na yaliyoandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, nasema "Ingia," na habari zinaanza. Yasipolingana, nafunga. "Bonyezo la kwanza jina, la pili neno," Meneja alinifundisha. "Chochote kingine, funga. Na hakuna salamu. Mtu ukishamsalimia unaona kama unamjua. Hapo ndipo wezi wanapoingilia."

Garba Tulla waliingia siku ya kwanza bila taabu. Mtu wa kule alikuwa karani mstaafu aliyependa kuamriwa. Merti ilikataa.

"Isiolo hapa. Jina. Ova," nilisema.

"Salaam aleikum. Ova."

Kikohozi kidogo. Meneja, aliyekuwa ameketi ubavuni kwangu na upande mmoja wa hedifoni sikioni mwake, alitikisa kichwa. Bonyezo la kwanza limekosewa. Akaniashiria niendelee.

"Neno. Ova."

"Merti hapa. Ova."

"Merti si neno," Meneja akasema. "Funga."

Nikasema kama nilivyofundishwa, "Neno si hilo. Isiolo inafunga. Ova." Nikaachia kitufe.

Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Meneja akaamuru betri ibadilishwe, ikabadilishwa. Waya ukasuguliwa kwa msasa. Kisha akamgeukia dereva aliyepeleka neno, akamweka kati ya yadi watu wakisikiliza. "Ulimwambia neno gani?" "Twiga." "Una hakika hukusema digidigi?" "Wallahi, mimi twiga simjui? Nimewahi kumgonga na hili lori, taa ikavunjika!" Neno likabadilishwa, likapelekwa jipya, Merti ikakataa tena. Meneja akaanza kusema kwamba mtu anayeita si Guyo, mtu wetu wa Merti, kwamba Guyo amekufa au ametekwa na sauti ile ni ya mwizi. Huku nyuma mbuzi wa Haji walikuwa wamefungiwa kwenye boma la miiba kule Merti, wanakonda, hakuna wa kutoa amri wapakiwe.

Mimi nilikuwa na tabia moja ambayo Meneja hakuijua. Baada ya kufunga sikuvua hedifoni. Nilipenda ule mvumo wa hewa tupu, kama mvua ya mbali. Na siku moja, Meneja ameshatoka kwa hasira, nikasikia ndani ya mvumo ule mtu akibonyeza kule Merti na kusema kwa upole, bila kujua kama kuna anayesikia, "Kifaru. Ova." Kifaru ndilo lililokuwa neno la wiki ile. Jina alikuwa nalo, neno alikuwa nalo. Kila kitu kilikuwa sahihi, ila kilisogea hatua moja. Mahali pa jina aliweka salamu, mahali pa neno akaweka jina, na neno lenyewe lilifika wakati sisi tumeshafunga mlango.

Kumwambia Meneja sikuweza. Nilimwambia Kobia, kwa sauti ya chini, juu ya birika la chai. Kobia alitoka nje akasimama katikati ya malori. "Bwana Meneja! Esta anasema huyo mtu wa Merti si mwizi! Anataka kusalimiwa tu!" Yadi nzima ikacheka, na mimi nikajificha nyuma ya redio. Meneja akasema basi dereva apeleke ujumbe kwamba salamu zikome. Lakini Haji alikuwa akitawadha bombani, akasikia. "Guyo mimi namjua. Ataje jina kabla ya salamu, kwani amekamatwa na polisi?"

"Mjomba, huu ni utaratibu."

"Basi huo utaratibu ufundishe adabu."

Chaki ikaandika upya nyuma ya mlango, Salamu, Jina, Neno, na siku iliyofuata Merti iliingia kwa jaribio la kwanza. Alisema "Salaam aleikum," akangoja, na ilikuwa zamu yangu kuitikia. Mimi kwa aibu na kwa mazoea ya kwetu sikuweza kusema kama wao. Nikasema, "Habari ya Merti. Ova." Guyo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu akicheka redioni. "Nzuri, dada. Hiyo nayo ni salamu. Ova." Tangu siku hiyo tukafanya hivyo kila asubuhi, yeye na salaam yake, mimi na habari yangu, kisha jina, kisha neno, kisha ingia.

Nataka niseme kwa haki jinsi miezi ile ilivyokuwa, kwa sababu yaliyofuata yamenifanya mara nyingi niikane. Ilikuwa mizuri. Alinipa habari za kazi kwanza, maji ya mto, mbuzi, malisho, nani amekuja na lori gani. Halafu alibaki hewani kidogo. Nyuma yake nilisikia jogoo, punda, wakati mwingine mwanamke akitwanga. Aliniambia leo amekula nyirinyiri zilizotoka kwa mama yake, nyama imekaushwa na kukaangwa kwenye mafuta mpaka inakaa miezi, na kwamba nikipata nafasi atanitumia kopo. Akanitumia kweli. Nilimwambia mambo ambayo sikumwambia mtu mwingine, kwamba dukani naonyesha kwa kidole, kwamba kanisani naimba mdomo ukiwa umefungwa. Hakucheka. Alisema, "Lakini hapa unaongea vizuri kuliko Meneja." Alisema siku atakayokuja Isiolo hataonyeshwa Esta ni yupi, atasimama mlangoni aseme salaam, na atakayejibu habari ya Merti ndiye. Nilikuwa na umri wa kuyaweka maneno kama hayo chini ya mto.

Kisha mvua za masika zikakata barabara. Lori halikufika Merti wiki mbili, na neno jipya likabaki Isiolo. Guyo akaita na neno la zamani, nikalazimika kumfungia huku nikimjua. Meneja akatafuta dawa, na hapa sina budi kukiri kwamba dawa yenyewe ilikuwa na akili. Alisema kila stesheni iwe na swali lake la akiba, la kuulizwa siku neno halijafika, na jibu liwe jambo la kweli ambalo sokoni hakuna anayelijua. "La uongo mtu anasahau. La kweli halisahauliki." Guyo alichagua jina la ng'ombe wa kwanza aliyemchunga. Dereva aliyepita kwa taabu akaleta jibu, Buree, maana yake kwa Kiborana ni mwenye madoadoa. Kobia aliposikia alishika tumbo. "Ng'ombe wa bure! Haji, huyu amechunga bure tangu utotoni!" Lilitumika mara moja tu, likasikika hewani, ikabidi Guyo atafute jingine.

"Na wewe," Meneja akaniambia, "Merti nao wajue kwamba anayewaita ni Isiolo kweli. Swali lako litakuwa, nyumbani wanakuitaje. Jibu usiniambie hata mimi. Mpelekee Guyo."

Nilifikiri siku nzima. Jina nililokuwa nalo lilikuwa moja tu. Nilipokuwa mdogo, wageni wakija, niliingia ndani ya gunia tupu la mahindi lililokuwa nyuma ya mlango na kukaa humo mpaka waondoke. Nyanya aliniita Gunia. Hakuniita hivyo mbele ya watu kamwe. Aliniita jioni, akinipakulia, kwa sauti ambayo sijui niielezeje, sauti ya mtu anayefungua kitu taratibu ili kisimwagike. Niliandika neno lile moja na habari yake kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko wangu wa polepole, nikakikunja, nikakishonea ndani ya kitambaa kama watu wanavyoshona hirizi, nikampa dereva. Siku chache baadaye Guyo aliingia hewani, salamu, jina, neno, na mwishoni akasema, "Mzigo wako nimepokea, dada. Umeshonwa vizuri. Hautafunguliwa. Ova." Nilikaa na hedifoni masikioni mpaka Kobia akaja kuniuliza kama nimelala.

Mwezi uliopita nilikwenda saiba, duka la intaneti, hapa mjini kufunguliwa akaunti ya mambo ya serikali kwenye kompyuta. Kijana akanijazia jina, akaniambia nitunge neno la siri, kisha akasema, "Shosho, sasa chagua swali la siri, ukisahau neno litakusaidia. Wengi wanachagua hili, jina lako la utani la utotoni." Nilimwambia achague jingine. "Hili ndilo rahisi, shosho." Nikamwambia kwa sauti iliyowageuza watu wote mle ndani, "Nimesema jingine." Aliweka mji niliozaliwa. Maskini, hakujua amegusa wapi.

Sikukuu ya Idi ilipokaribia, Haji alinunua mbuzi wengi Merti, kundi kubwa kuliko yote ya mwaka ule, wa kwenda Nairobi. Lori letu likazama matopeni njiani, likachelewa. Lilipofika, boma lilikuwa wazi. Mbuzi walikuwa wamepakiwa kwenye malori ya yule mfanyabiashara mwingine, wamekwenda, na Nairobi walikuwa wameshauzwa kama wake. Dereva alirudi na habari hiyo, na neno moja kutoka kwa Guyo. Guyo alisema amefanya kama Isiolo ilivyomwamuru.

Haji hakupiga kelele. Alivuta kiti mpaka mbele ya redio, akaamuru hedifoni zing'olewe na spika iwashwe ili kila mtu asikie. Wapakiaji walijazana dirishani. Ilikuwa asubuhi, saa yetu ya kawaida, na ilibidi mimi mwenyewe nimfungulie. Alisema salaam. Nikasema habari ya Merti. Nikauliza jina, akataja. Nikauliza neno, akataja, nalo lilikuwa sahihi. Nikasema, "Ingia." Mkono wangu juu ya kitufe ulikuwa umetulia kabisa, kwa sababu nilijua sikuamuru kitu, na nilijua Guyo anajua.

"Guyo, ni nani alikuambia upakie?" Haji akauliza.

"Isiolo, Haji. Sauti ya huyo dada. Alisema lori lenu limekwama, niwape hao wengine wabebe kwa niaba yako. Ova."

"Ulihakikisha?"

"Haji, wewe unanijua. Nilitoa salamu, akaitikia vizuri, waaleikum salaam. Jina akataja. Neno lilikuwa halijafika, lori si lilikwama? Nikamuuliza lile swali lake. Akajibu. Ova."

"Akajibu nini?"

Ule mvumo wa mvua ya mbali ukajaza chumba. Niliitazama taa ya kijani. Nakumbuka nilifikiri, hatasema. Atasema uongo wote lakini hilo hatalisema, aliniahidi.

"Gunia," Guyo akasema. "Ndiyo jina lake. Nyanya yake anamwita Gunia, kwa sababu akiona wageni alikuwa anaingia ndani ya gunia kujificha. Hilo nani mwingine angelijua? Ova."

Nimekuwa na miaka mingi ya kuyapima maneno yale, na naona uwongo wake ulihitaji neno moja tu. Gunia lingetosha kuniangusha. Nyanya hakuhitajika, wageni hawakuhitajika. Hayo aliyaongeza kwa hiari yake, ili hadithi ipendeze. Dirishani mtu alitoa kicheko kupitia puani, kisha wote wakashindwa kujizuia, watu ambao kazi yao tangu asubuhi mpaka jioni ni kubeba magunia. "Gunia! Kumbe tumekuwa na gunia humu na hatujalipakia!" "La mahindi au la sukari?" Mimi nikasema, "Sijibu hivyo." Nilisema kweli, kwa mdomo wangu. Katika mwaka mzima sikuwahi kumjibu waaleikum salaam, kila mtu katika yadi ile alinisikia kila asubuhi nikisema habari ya Merti, nilikuwa nimeisema muda mfupi tu uliopita mbele yao. Meneja aliinama. "Unasema?" Nikarudia, "Mimi sijibu hivyo." Lakini kicheko kilikuwa kimejaa chumba, na Meneja akadhani ninakataa kuulizwa swali. Haji aliinuka. Hakunitazama. "Kaa nyumbani kidogo, binti yangu," alisema. Hakuniita tena.

Jioni ile nyanya alikuwa amepika githeri, mahindi na kunde. Habari ilikuwa haijamfikia. Alipakua, akaweka sahani yangu karibu na moto, akaita kwa sauti ile yake, "Gunia, njoo ule." Sikuitika. Akaita tena. Nilibaki nje nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikimsikia vizuri. Baadaye aliambiwa na watu wa kisimani, na tangu siku hiyo aliniita Esta kama wengine, mpaka alipofariki. Sijui kama alifanya hivyo kwa kunihurumia au kwa kuona nimetoa kitu chake nikampa mtu asiyemjua. Sikumuuliza, naye hakusema. Katika yote yaliyochukuliwa mwaka ule, mbuzi walikuwa wa Haji na redio ilikuwa ya Haji. Hilo lilikuwa langu.

Kabla ya mwaka kwisha Guyo alikuwa na duka Merti, na mwenye bidhaa alikuwa yule mfanyabiashara wa redio ya pili. Mji mzima ukaelewa. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba ameelewa. Siku moja tu Kobia alisimama mlangoni kwetu, jasho likimtiririka, amebeba mahindi kutoka kwa Haji, kitu kisicho na maelezo, kwa nyanya. Aliyashusha taratibu. Akafungua mdomo aseme ameleta nini, akaufunga, akautazama mzigo wake, gunia zima la mahindi, akatafuta neno kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitafuta lolote. "Nimeleta," alisema mwishowe, "hii." Akaondoka haraka. Yeye aliyekuwa akipiga kelele yadi nzima ndiye peke yake aliyenitunzia lile neno.

Haya yote yalinipitia pale harusini, mwiko ukiwa ndani ya pilau. Mtu alikuwa ameomba chumvi. Nilichukua kibakuli, nikasogea mpaka kwenye pazia, karibu kiasi cha kuona kitambaa kikipumua kwa mikono ya watu wa upande wa pili. Sikukifunua. Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Jina?"

Mazungumzo ya karibu yalikatika. "Nani?" sauti ikauliza. Nikangoja. "Guyo," ikasema, kwa shaka. "Guyo wa Merti."

"Neno?"

Kilipita kikohozi kile kikavu. Nilikuwa tayari kupokea karibu neno lolote. Nimelifikiria tangu siku ile na sioni ni lipi ningelikataa, pole, samahani, hata Esta tu ingetosha. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha asubuhi ya kwanza, kimezeeka lakini hakikubadilika. "Abo! Huyu ni Gunia! Gunia, ni wewe?" Akawaambia wenzake, "Jamani, huyu alikuwa anaingia ndani ya gunia!" Wanaume wakacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka wasichokijua. Upande wetu wanawake wakanigeukia.

"Neno si hilo," nikasema. "Isiolo inafunga. Ova."

Nikarudi nyuma hatua moja na chumvi yangu mkononi. Lakini sikukaa. Nilisimama pale kama nilivyokuwa nikifanya zamani baada ya kufunga, nikisikiliza, kwa sababu namjua mtu huyu, na iliwahi kutokea neno lake sahihi likaja limechelewa, mlango ukiwa umeshafungwa. Sahani ziligongana. Mtoto alilia. Upande wa pili Guyo alikohoa, akasafisha njia ya maneno, nami nikainamisha kichwa karibu na pazia.

"Chumvi wamekataa," alimwambia jirani yake. "Tule tu."